Maltikasti kwenye viungo vilivyofungwa pamoja: panga anwani kabla ya kugusa amri

Niliitwa kwenye hoteli moja ya ufukweni Unguja kwa malalamiko ambayo kila fundi wa televisheni za hoteli ameshayasikia: mchana picha safi, lakini ikigonga saa 2 usiku inaanza kuvunjikavunjika vipande, na chaneli za mpira ndizo zinazoumia zaidi. Walikuwa wameshabadilisha kebo. Walikuwa wameshabadilisha ving'amuzi vya vyumba kadhaa. Kati ya swichi kuu na swichi ya jengo la vyumba kulikuwa na viungo viwili vya faiba vya gigabiti 1 kila kimoja, vimefungwa pamoja kuwa fungu moja kwa LACP (itifaki inayofanya viungo kadhaa vifanye kazi kama kimoja), na kila mtu pale aliamini ana gigabiti 2 za kutumia. Nilipofungua vihesabio, kiungo cha kwanza kilikuwa kimejaa pomoni na cha pili kinasinzia.

Mwongozo huu wa maltikasti, yaani kutuma mkondo mmoja wa video kwa kundi la wapokeaji kwa pamoja, unafuata njia niliyopita pale, pamoja na kosa langu mwenyewe katikati. Amri ni za swichi za Cisco Catalyst za kizazi cha 3750 kwa sababu ndizo nilizozikuta. Kwa swichi nyingine maneno ya amri yatabadilika, hesabu ni ileile.

Fungu linavyochagua njia

Kufunga viungo pamoja kulipata kiwango chake, IEEE 802.3ad, mwaka 2000. Mwaka 2008 kikahamishiwa kwenye 802.1AX. Sharti lake kubwa ni kwamba paketi za mkondo mmoja zisipitane njiani. Ndiyo maana swichi haitupi paketi moja huku na inayofuata kule. Inachukua anwani zilizoandikwa kwenye paketi, inazipitisha kwenye hesabu fupi iitwayo heshi, na jibu ndilo linalotaja kiungo. Anwani zilezile hutoa jibu lilelile, kwa hiyo mkondo ukishapata kiungo chake hautoki. Kiungo kikijaa, heshi haina habari.

Kwa intaneti ya wageni hili halisumbui sana. Simu mia mbili zenye anwani mia mbili zitajigawa zenyewe karibu nusu kwa nusu. Maltikasti ina tabia nyingine: chanzo ni kimoja au viwili, kila mkondo ni mnene na hautulii usiku kucha, na anwani za makundi (kila chaneli ina kundi lake) umezitoa wewe mwenyewe siku ya kufunga mtambo. Namba ulizoandika siku ile ndizo zinazogawa mzigo leo.

Halafu kuna uonevu. Kiungo kikijaa, TCP (itifaki inayohakikisha data imefika) ya mgeni anayepakua filamu inapunguza kasi na kurudia paketi zilizopotea. Mgeni haoni kitu. Video ya maltikasti inasafiri kwa UDP, isiyorudia kutuma, na paketi iliyodondoka imekwenda. Kwa kawaida kila paketi hubeba vipande 7 vya baiti 188, yaani baiti 1,316, na kipande kimoja tu kikikosekana mahali pabaya mtazamaji anaona miraba kwenye uso wa mchezaji. Kwa hiyo intaneti ndiyo inayojaza njia, na lawama inakwenda kwa televisheni.

Hatua ya 1: piga hesabu ya mzigo

Usiguse swichi kabla ya kuwa na namba. Pale kulikuwa na chaneli 48 za HD zenye wastani wa megabiti 9 kwa sekunde, na chaneli 36 za kawaida zenye megabiti 3. Hiyo ni 432 na 108, jumla 540. Intaneti ya wageni kupitia jengo lile ilifika megabiti 480 jioni. Ukijumlisha unapata 1,020, na hapo sababu ya saa 2 usiku inajieleza: vyote vikipanda kiungo kimoja cha 1,000, hakitoshi, vikigawanywa, kila kiungo kingebeba kama 510 na kubaki na nafasi.

Nimehesabu kana kwamba chaneli zote zinatazamwa kwa wakati mmoja. IGMP, itifaki ambayo vifaa vya watazamaji huitumia kuomba makundi, ikifanya kazi vizuri, jengo hupokea tu zile zilizoombwa, na chaneli inayotazamwa vyumba hamsini hupita mara moja tu kwenye fungu. Hata hivyo hesabia hali mbaya kabisa. Na kumbuka kitu ambacho wengi hukisahau: kiungo kinachotoka kwenye swichi ya mitambo ya setilaiti kwenda kwenye ruta hubeba chaneli zote muda wote, hata hoteli ikiwa tupu, kwa sababu swichi hupeleka kila kundi upande wa ruta bila kungoja mtu aombe.

Hatua ya 2: hakikisha fungu ni zima na IGMP iko hai

`show etherchannel summary`

Unatafuta herufi SU kwenye fungu na P kwenye kila poti. Poti yenye herufi nyingine haimo kwenye fungu, na hapo usihangaike na usawazishaji; rekebisha poti kwanza.

`show ip igmp snooping mrouter`
`show ip igmp snooping groups`

Poti ya ruta ionekane kama Po1, yaani fungu lenyewe. Ukiona poti moja ya kimwili imetajwa badala yake, mara nyingi ni mabaki ya mtu aliyeiandika kwa mkono zamani. Dalili ya kukosa muulizaji wa IGMP (kifaa kinachouliza mara kwa mara nani bado anatazama) ni rahisi kuitambua: chaneli inafunguka vizuri, kisha inaganda baada ya dakika nne na kidogo. Kwa viwango vya kawaida swali hutumwa kila sekunde 125, na swichi husubiri mizunguko miwili pamoja na sekunde 10 za majibu, jumla 260, kabla ya kulifuta kundi. Ukikutana na hilo, fungu halina kosa.

Hatua ya 3: soma heshi inayotumika sasa

`show etherchannel load-balance`

Pale jibu lilikuwa src-mac, ambayo ndiyo swichi za familia hii hutoka nayo kiwandani. Maana yake kiungo kinachaguliwa kwa MAC (anwani ya kifaa chenyewe) ya mtumaji peke yake. Sasa fikiria: mitambo ya video iko VLAN 20, vyumba viko VLAN 30 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), na swichi kuu ndiyo inayopeleka trafiki kutoka VLAN moja hadi nyingine. Kila paketi inayovuka hubadilishiwa MAC ya mtumaji na kupewa ya swichi kuu. Chaneli zote 84 na intaneti ya hoteli nzima zinaelekea vyumbani zikiwa na MAC moja ya mtumaji. Heshi ina kitu kimoja cha kuangalia, inatoa jibu moja, na kiungo cha pili kinalala.

Ukikuta src-mac nyuma ya ruta, umeshapata nusu ya ugonjwa.

Hatua ya 4: badilisha heshi

`configure terminal`
`port-channel load-balance src-dst-ip`

Maana yake heshi itatazama anwani za IP za mtumaji na za mpokeaji. Mambo mawili kabla ya kubonyeza. Kwanza, kwenye swichi hizi amri hii ni ya swichi nzima, si ya fungu moja. Mafungu yako mengine yote yatagawanywa upya papo hapo. Ifanye saa 9 usiku, si wakati wa chakula cha jioni. Pili, kila upande wa fungu huchagua njia ya paketi inazotuma yenyewe. Video inatoka swichi kuu kwenda jengo, kwa hiyo swichi kuu ndiyo inayohusika. Kubadilisha kwenye swichi ya jengo peke yake hakutahamisha chaneli hata moja. Badilisha pande zote mbili, upande wa jengo utaisaidia trafiki ya wageni inayopanda.

Nilifanya hivyo, kesho yake picha ikatulia, nikalipwa, nikapanda boti kurudi Dar. Kosa langu liko hapo: nilitazama jumla ya mzigo wa kila kiungo bila kutazama maltikasti peke yake.

Julai ikafika, hoteli ikajaa, kifurushi cha intaneti kikaongezwa. Intaneti ya jengo ikapanda hadi gigabiti 1.2 jioni, na ile miraba ikarudi. Safari hii nilisoma vihesabio vya maltikasti na kukuta kiungo kimoja kinabeba chaneli zote za HD na kingine kinabeba zote za kawaida. Hakuna hata moja iliyochanganyika.

Hatua ya 5: panga anwani za makundi

Fundi aliyefunga mtambo alikuwa mtu nadhifu. Alizipa chaneli za HD namba shufwa, 239.10.1.2, .4, .6 na kuendelea, na za kawaida namba witiri. Kwa macho ya binadamu ni mpango mzuri. Kwa heshi ni balaa.

Heshi ya swichi hizi hulinganisha biti za mwisho za anwani ya mtumaji na za mpokeaji: zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana ni 1. Kwenye fungu la viungo viwili, biti moja ya mwisho ndiyo inayoamua. Mtambo ulikuwa na anwani 10.10.20.5, namba witiri, biti yake ya mwisho ni 1. Kundi lolote la shufwa linaishia na 0: zinatofautiana, jibu 1. Kundi lolote la witiri linaishia na 1: zinafanana, jibu 0. Basi 432 zote huku, 108 zote kule. Weka juu yake intaneti 600 kila upande, upate 1,032 na 708. Kiungo kimoja kinamwagika na kingine kina nafasi ya karibu megabiti 300.

Dawa ilikuwa kuzipanga namba kwa mfululizo ndani ya kila aina: HD kuanzia 239.10.1.1 hadi 239.10.1.48, za kawaida kuanzia 239.10.1.101 hadi 239.10.1.136. Kila kiungo kikapata HD 24 na za kawaida 18, yaani 216 na 54, jumla 270. Pamoja na intaneti ni 870 kila upande. Bado ni pembamba, nitalirudia hilo.

Kanuni ninazozifuata tangu siku ile:

- Zitawanye chaneli nzito kwanza. Usawa wa idadi ya chaneli haukusaidii kitu kama uzito wake haulingani.
- Usiruke namba. Ukiruka kwa 2 unaharibu fungu la viungo viwili. Ukiruka kwa 4 unaharibu la vinne. Ukiruka kwa 8, kila kitu kinaangukia sehemu moja, kwa kuwa heshi hizi zina biti 3 na sehemu 8 tu.
- Sehemu 8 hizo zinagawanyika sawa kwa viungo 2, 4 au 8. Kwa viungo 3 mgao ni 3:3:2, na kwa viungo 5 ni 2:2:2:1:1. Anayekuuzia kebo ya tatu hajakwambia hilo.
- Kaa ndani ya 239.0.0.0/8, iliyotengwa kwa matumizi ya ndani, lakini epuka 239.0.0.x na 239.128.0.x. MAC zake zinafanana na za 224.0.0.x, ambazo swichi huzimwaga kwenye poti zote.

Hilo la mwisho linatokana na jambo linalofaa kujulikana. MAC ya maltikasti huanza na 01:00:5e na kuchukua biti 23 tu za mwisho za anwani ya IP. Biti 5 zinapotea, kwa hiyo makundi 32 hushiriki MAC moja. 239.10.1.1 na 239.138.1.1 zote ni 01:00:5e:0a:01:01. Swichi inayochuja kwa MAC itampelekea mtazamaji chaneli zote mbili, na utatafuta megabiti zilizopotea usizione.

Kubadilisha namba kuna kazi yake: mtambo wa video na orodha ya chaneli kwenye ving'amuzi vibadilishwe usiku mmoja. Ukiacha nusu, asubuhi mapokezi watakupigia simu kabla hujaamka.

Hatua ya 6: pima maltikasti peke yake

`test etherchannel load-balance interface port-channel 1 ip 10.10.20.5 239.10.1.2`

Swichi inakutajia poti ambayo ingechaguliwa. Ni amri nzuri ya kupangia, ila usiiamini peke yake. Baadhi ya swichi zina kanuni tofauti kwa maltikasti na hazifuati kabisa heshi uliyoandika. Nyingine hutazama MAC tu. Ukweli uko kwenye vihesabio:

`clear counters`
`show interfaces counters`

Safu ya OutMcastPkts ndiyo yako. Chaneli ya megabiti 9 hutoa takriban paketi 855 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya paketi kati ya poti mbili unaweza kuigeuza kuwa idadi ya chaneli bila kifaa chochote cha ziada. Kwa wastani wa mzigo weka `load-interval 30` kwenye poti; ule wa kawaida ni wa dakika 5 na unaficha vilele vifupi.

Kama hoteli haijafunguliwa na hakuna video ya kupimia, tumia iperf (programu ya kupimia mtandao) toleo la 2, kwani iperf3 haina maltikasti. Upande wa chumba:

`iperf -s -u -B 239.10.1.1 -i 1`

Upande wa mtambo:

`iperf -c 239.10.1.1 -u -T 32 -b 9M -t 120`

Hiyo -T 32 usiisahau. TTL (kikomo cha hatua paketi inazoruhusiwa kupita) ya maltikasti kwenye iperf ni 1, na paketi itafia kwenye ruta ya kwanza huku ukidhani IGMP imeharibika. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima hivyo.

Chanzo kikiwa seva ya Linux

Seva yenye kadi mbili zilizofungwa pamoja ina heshi yake. Soma `/proc/net/bonding/bond0`. Ya kawaida ni layer2, inayotumia baiti za mwisho za MAC ya mtumaji na ya mpokeaji. Kwa maltikasti si mbaya, kwa sababu MAC ya mpokeaji imetokana na namba ya kundi lenyewe; ukipanga namba kwa mfululizo mgao utatokea. Wapo wanaoshauri balance-rr ili kila paketi ibadilishe kiungo. Usikubali. Paketi zitafika zimepinduana, na video iliyofungwa moja kwa moja kwenye UDP bila RTP haina namba ya kumwezesha mpokeaji kuzipanga tena.

Na kama fungu la seva ni la kiungo kimoja kufanya kazi na kingine kusubiri, angalia `resend_igmp`. Ndiyo inayoifanya seva irudie kujiunga na makundi baada ya kuhamia kiungo cha akiba, la sivyo inangoja swali lijalo.

Swichi kuu ikigawa kwa swichi mbili

Namba zikishapangwa, kuna mtego mmoja unaobaki. Swichi kuu ikizigawa chaneli kwa swichi mbili za chini, na kila moja ya hizo ina fungu lake lenye heshi ileile, basi swichi ya kwanza itapokea shufwa tu na ya pili witiri tu. Kila moja ikipiga hesabu ileile tena, inapata jibu lilelile kwa chaneli zote ilizonazo na kutumia kiungo kimoja. Badilisha aina ya heshi kwenye ngazi moja.

Kama viungo vyako ni vya ruta kwa ruta, acha fungu kabisa na uipe PIM, itifaki inayopeleka maltikasti kati ya ruta, kazi hiyo. Kwa kawaida, njia zikiwa na gharama sawa, PIM huchagua jirani mwenye anwani kubwa zaidi na kumtwika kila kitu. Amri hii huifanya PIM igawe kwa chanzo na kundi:

`ip multicast multipath s-g-hash next-hop-based`

Hatua ya 7: chomoa kebo

Hakuna mtihani wa fungu bila kuchomoa. Chomoa kiungo kimoja, kwanza saa ya utulivu, hesabu sekunde hadi picha irudi, kisha kichomeke tena.

Ikiwa katikati kuna vibadilishi vya faiba (vifaa vinavyounganisha faiba na kebo ya shaba), kata faiba yenyewe, usichomoe kebo fupi iliyo kwenye swichi. Kibadilishi kinaweza kuendelea kuwasha taa huku faiba ya nyuma imekufa, na swichi isijue. LACP ya mwendo wa polepole hutuma ujumbe kila sekunde 30 na kukata tamaa baada ya 90. Kwa dakika moja na nusu, nusu ya chaneli ziko gizani. Kwa swichi zinazokubali, `lacp rate fast` kwenye poti hupunguza muda huo hadi sekunde 3. Na ukikuta fungu lililofungwa kwa `mode on`, bila LACP, giza halitaisha lenyewe. Dalili yake ni ya ajabu mara ya kwanza: chaneli za namba witiri hakuna, za shufwa ziko safi. Wahudumu watakwambia "nusu ya setilaiti imekufa".

Kiungo kimoja kikibaki, megabiti 540 za video na 1,200 za intaneti zinagombania 1,000. Hapo usawazishaji umeisha kazi na foleni ndiyo inayoamua. Video iwekewe alama ya kipaumbele, DSCP, kwenye mtambo, nasi tulitumia AF41, na swichi kuu iipe foleni yenye dhamana. Tahadhari: kwenye swichi hizi, ukiwasha `mls qos` bila kuandika `mls qos trust dscp` kwenye poti inayopokea video, swichi hufuta alama na kuandika 0, na umejisumbua bure.

Kama suluhisho la muda mrefu niliwashauri wanunue kiungo kimoja cha gigabiti 10 na kukiweka kingine kama akiba. Kwa maltikasti ninapenda bomba moja pana kuliko manne membamba, maana heshi haina cha kukosea. Bajeti ilisema mwaka ujao. Tulipochomoa kebo siku ya majaribio, saa 3 usiku hoteli ikiwa imejaa, waifai ya jengo ilikokota hadi wageni wawili wakaja mapokezi kuuliza. Kwenye baa ya bwawa hakuna aliyegeuka, mechi iliendelea.